Donge Nililotia Kwenye Mkate Wako

Batuli mwanangu,

Assalaam aleikum. Salamu zaidi ya hiyo sikuandikii, kwa kuwa tangu saa nne unazunguka mji kuaga, na najua utarudi na salamu za kujaza sanduku la pili. Mamako amekwambia usiruke nyumba hata moja, maana mtu akirukwa Amu hii huliweka moyoni mpaka mazishi. Kwa hesabu yangu hutarudi kabla ya magharibi. Mimi nimefunga tanuri mapema, nimeoga, nimebadili nguo, nimeketi kwenye meza yako na kalamu yako mkononi. Mwandiko uuvumilie. Mkono huu umezoea kukanda.

Kesho alfajiri unavuka kwenda Mokowe kupanda basi, na kesho kutwa, inshallah, uko Eldoret chuoni, unasomea ualimu wa kemia. Mambo ya sweta, ya kufunga mlango, ya kupiga simu kila siku, mamako ameshayasema na atayasema tena mpaka dereva awashe injini. Mimi nina neno moja. Linahusu mkate wako wa mtama, ule uliokulaza siku tisa. Haukuwa mtama, Batuli. Nimejua tangu siku ya pili, na nimenyamaza miaka miwili. Kwa mdomo siwezi kulisema, kwa sababu unanijua: nikibanwa huingiza mzaha, na mzaha ungelimeza neno lenyewe. Kwa hivyo naandika. Kama baada ya kusoma hutanitazama tena ulivyozoea kunitazama, nitakuwa nimeyataka.

Lakini niache nianze mbali kidogo. Nataka ujue nilikuwa nakuona vipi wakati wote huo, ili usidhani nilikudharau.

Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa mtoto wa mbavu na tumbo. Kila asubuhi nilikuletea boflo la kwanza kutoka tanurini, nimelipaka samli, nawe unalimega mara mbili kisha unalisukuma. Nilikasirika, na leo nakiri kwamba hasira ile haikuwa ya afya yako. Ilikuwa aibu. Mimi Athmani, ambaye watu kutoka Mkomani mpaka Langoni hufungua kinywa kwa mkate wangu, binti yangu mwenyewe anausukuma. Nilikuwa nakukalia mpaka umalize. Nawe ulikuwa mtiifu. Ulimaliza, kisha ukaenda kujikunja kwenye kitanda cha bibi yako.

Tulikupa dawa ya minyoo mpaka nadhani minyoo ya jirani nayo ilihama. Tulikuandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, ukanywa maji yake. Akaja mtu akasema ni jicho, mamako akakufukiza ubani wiki nzima. Mimi nikasema ni mdeko, kwa kuwa uko peke yako. Hakuna hata mmoja aliyeutaja mkate. Nani angeutaja, katika nyumba ambayo kila jiwe lake limetoka kwenye mkate?

Ulikuwa na miaka kumi na minne tulipokaa mbele ya yule daktari wa Mombasa. Alichora utumbo wako kwenye karatasi. Akasema ngano ina unato unaoitwa gluteni, ndio unaolifanya donge livutike, na mwili wako unauona unato huo kuwa adui. Kila ukipigana nao unajiumiza wenyewe. Ugonjwa unaitwa siliaki, na dawa yake ni kuacha ngano maisha yote. Nikamuuliza kama kidogo hakina neno. Akasema hata vumbi lake lina neno. Nikatazama kucha zangu, zilikuwa na unga. Miaka kumi nilikuwa nimekulisha kwa mkono wangu kitu kilichokuwa kikikula. Tulipotoka nje, ukanishika mkono wa kanzu.

"Sasa umeamini, Baba? Haukuwa mdeko."

Ulikuwa unacheka. Mtoto mwingine angenilaumu mpaka leo, na angekuwa na haki. Wewe ulifurahi kwamba kitu kile kina jina. Siku ile ndipo nilipoanza kukuogopa kidogo, kwa ile namna mtu anavyomwogopa anayemheshimu.

Tangu hapo nguo zangu za kazi hazivuki kizingiti. Naoga kulekule tanurini, nasugua kucha kwa brashi, narudi nyumbani kama bwana harusi. Kuoga nilizoea upesi. Nisilolizoea ni kwamba mikono hii inalisha mji mzima isipokuwa wewe. Ulikuwa ukila cha mamako, cha bibi yako, hata cha mwenye duka la viazi, lakini cha kwangu hapana. Hilo sikumwambia mtu.

Na mji wenyewe, kumbe, ni wa ngano mtupu. Asubuhi mahamri, jioni chapati, Ramadhani sambusa, hata kitumbua ambacho ni cha mchele muuzaji hukitia kijiko cha ngano ili kishike. Ulikula wali, muhogo, viazi na samaki, wala hukulalamika. Siku moja tu ulisema. Tulikuwa tunakunywa chai ya alasiri, ukanitazama navunja boflo, ukasema unatamani kitu cha kuchovya. Hukutaka keki, hukutaka halua. Kitu cha kuchovya tu. Nilijitia sikusikia, nikaendelea kuvunja boflo.

Shangazi yako Nuru wa Mombasa alisikia habari hiyo. Alikununulia mashine ya mkate iliyokwishatumika, kutoka kwa watu waliokuwa wanahama Mombasa, akaituma kwa basi. Ilifika imefungwa kwa shuka, kubwa kama ndoo, na kijitabu cha lugha ambayo hakuna mtu Amu aliyeweza kutwambia ni ya nchi gani. Nilicheka sana. Nikauliza kama inajua pia kuswali. Nikasema mkate unataka mkono wa mtu, na mashine haina mkono, na wewe huna ngano, basi kilichobaki hapo ni stima peke yake.

Mkate wa kwanza ulinipa haki ya kucheka. Ulitia unga wa mchele, ukabonyeza kitufe cha mkate wa kawaida, mashine ikakanda, ikaacha, ikakanda tena, ikaacha, ikaoka saa nzima. Kilichotoka nilikigonga kwa kidole kikalia ko. Nilikwambia tukiweke pale ukuta ulipobomoka. Wa pili ulikuwa mbichi ndani. Wa tatu ulipanda vizuri, ukaniita nije kuuona, na mimi nilipofika jikoni juu mkate ulikuwa umeshaketi. Nilirudi tanurini nikawasimulia wateja. Watu wakacheka, nami nikafurahi kuwachekesha. Hilo pia naliomba radhi, ijapokuwa ni dogo.

Lakini kitu kimoja sikuwasimulia wateja. Nilikuwa nikirudi alasiri nalisoma daftari lako. Ulikuwa umeandika kila mkate na namba yake, uzito wa kila unga, siku ilikuwa na unyevu au kavu, mashine iliimba dakika ya ngapi. "Mkate wa tisa: stima ilipotea dakika ya arobaini. Tumekula uji." Hukuandika hata mara moja kwamba ni bahati mbaya. Ulishindwa ukaandika umeshindwa, na chini yake ukaandika kwa nini unadhani umeshindwa. Mimi nimeoka mikate miaka ishirini na saba, na ukiniuliza kwa nini boflo la Jumanne lilikuwa zito nitakwambia ni hamira mbovu, au ni upepo, au ni yule mtu aliyeingia bila kusema bismillahi.

Ukagundua peke yako kwamba unga wako hautaki kukandwa. Wangu nikiupiga ukaanguka, unato unausimamisha tena. Wako ukianguka umeanguka, hauna wa kuusimamisha. Kwa hivyo ukaacha kile kitufe cha kawaida, ukatafuta kile kifupi, kinachochanganya mara moja, kinauacha uumuke mara moja, kisha kinaoka. Ukagundua kwamba wako haushikwi, unamiminwa, mzito kama uji wa mgonjwa. Ukagundua ukifungua kifuniko dakika ya tano na kukwangua pembe kwa mwiko, unga mkavu haubaki. Kisha ukaja na lile la isabgoli. Yale maganda ambayo wazee wenye choo kigumu hununua kwa muuza dawa! Uliyaloweka, yakawa utelezi, na utelezi ule ukafanya kazi ya unato. Niliuliza nani kakufundisha. Ulisema uliona kwenye video mtu ametumia kitu hicho kwa jina jingine, ukakifananisha kwa macho na kwa maji. Mwanangu, mimi nimeishika ngano maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza kwa nini inavutika.

Mkate wa kumi na tisa ulikuwa wa mchele na muhogo na mayai matatu. Ulisimama. Ulituzuia kuukata mpaka upoe kabisa, saa mbili nzima, na mimi mwenye mikate nikakaa nasubiri ruhusa ya mtoto. Kisha ukakata kipande, ukakichovya kwenye chai, ukakila bila kumtazama mtu. Nilishuka chini nikajifanya natafuta kiatu. Nililia. Nililia kwa furaha, na ndani ya furaha kulikuwa na wivu, na sikutaka mtu auone wivu ule. Mwanangu amepata mkate, na mimi sikuhusika.

Ungeweza kuishia hapo. Lakini bibi yako, Mungu amrehemu, alikuonjea akasema ni mzuri ila hauna ladha, unafanana na mtu mpole mno. Akakusimulia mkate wa mofa wa ujana wake, wa mtama, ulioliwa hapa kabla ngano haijawa chakula cha kila siku. "Mtama ndio uliotulea," alisema. Wewe ukaenda kununua mtama siku ileile, ukauosha, ukauanika, ukautwanga mwenyewe ili usipite kwenye mashine ya kusaga ngano. Nyumba ikaanza kunuka vizuri. Mkate wa kwanza wa mtama ulipasuka, wa pili ukabonyea katikati, wa tatu na wa nne vilevile ila kidogo. Kila mmoja ulikuwa bora kuliko uliotangulia. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba wa sita au wa saba utafika.

Mimi sikungoja wa sita.

Shangazi yako alikuwa anakuja kwa Maulidi. Ulitaka aukute mkate wa mtama mezani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta mashine. Uliupima unga, ukaumimina, ukabonyeza kitufe, ukaenda gatini kumpokea. Mamako alikuwa kwa jirani. Nilipanda jikoni nikafungua kifuniko. Niliutazama ule unga ukizunguka mle ndani, nikauona kwa jicho la kazi kwamba utabonyea tena.

Unajua desturi yetu tanurini. Kila siku tunabakisha donge, tunalifunika kwa kitambaa kibichi, na kesho yake linatiwa kwenye unga mpya. Babu yako alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi: mkate mpya lazima upewe kidogo cha jana. "Mkate usio na wa yana hauna asili," alikuwa akisema, na mimi nimelisema hilo kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwangu. Donge hilo hatuliiti ngano. Tunaliita chachu. Na pale jikoni juu ya mashine yako nilijiambia neno hilohilo. Sikujiambia natia ngano. Nilijiambia natia chachu.

Nilishuka ngazi, nikavuka ndia, nikafungua tanuri, nikamega donge kiasi cha chungwa, nikarudi nalo kwenye kikombe. Ni hatua arobaini kwenda na arobaini kurudi. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi. Mtu anaweza kubadili nia katika hatua themanini. Mimi sikubadili, kwa sababu nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimepata, baada ya miaka mitatu, namna ya kutia mkono wangu kwenye chakula chako. Nililidondosha, mashine ikalimeza, nikafunga kifuniko.

Mkate ule unaukumbuka. Ulipanda mpaka ukagusa kioo cha kifuniko. Shangazi yako aliushika kwa mikono miwili akasema huyu kweli ni binti wa Athmani. Wewe uso wako ulikuwa unang'aa, ukanitazama mimi, si yeye, kuona kama nimeuona. Ulikula vipande vitatu. Nilikuona unatafuna na nilifurahi, naapa, nilifurahi.

Usiku wa pili ulianza kutapika. Siku tisa ulikuwa kitandani, ukakonda mpaka pete ikakutoka kidoleni, mtihani wa kidato cha tatu ukakupita. Mamako alikaa pembeni yako akihesabu kila ulichokila wiki ile, wali, samaki, tende, chai, na kila akikitaja mnakiondoa. Kilibaki mtama. Ukanigeukia mimi. Sauti yako ilikuwa ndogo sana.

"Baba, wewe ndiye unayeujua unga. Yawezekana ni mtama?"

Hapo mlango ulikuwa wazi, Batuli. Ningeingia na kusema, ungelia, mamako angenifukuza, na yangekwisha. Nilikuwa nimeshajua tangu jana yake. Nilipokusikia unatapika, neno la daktari la vumbi lilinirudia, na chachu ikageuka kuwa ngano papo hapo mbele ya macho yangu. Lakini ulikuwa unanitazama kama mtu anayemtazama fundi. Niliogopa kuipoteza ile sura. Nikakwambia:

"Yawezekana, mwanangu. Mtama wa siku hizi si ule wa bibi yako."

Kutia donge lilikuwa kosa la mjinga anayependa. Hili la pili silipatii jina la kulipamba. Nilimdanganya mtoto mgonjwa aliyeniuliza swali la kweli.

Ulipopona ulifungua daftari, ukachora mstari juu ya kurasa zote tano za mtama, ukaandika "Hapana." Niliusoma mstari ule ulipokuwa shule. Kazi ya mtu makini imefutwa kwa uongo wangu, na imefutwa na mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu aliniamini. Miezi minne mashine ilikaa chini ya shuka. Nilijua huogopi mtama tu. Ulikuwa huiamini tena pua yako, wala mizani yako. Ulikuwa ukinusa chakula mara tatu kabla ya kukila, hata cha mamako.

Kisha ukarudi. Hakuna aliyekwambia urudi. Ulitoa shuka, ukaisugua mashine yote, ukaanza upya na mchele na muhogo kutoka namba moja, ukaufikisha ule mkate mpaka mtoto wa jirani asiye na ugonjwa wowote akaja kuuomba. Watu husema wamejivunia watoto wao siku ya cheti. Mimi yangu ilikuwa siku ile uliyotoa shuka, nami nikiwa nimesimama ngazini sithubutu kupanda.

Na akaja yule mama wa Kizingitini, Bi Mwanakombo, na binti yake mwenye maradhi kama yako. Ulimfundisha wiki nzima, ukampa isabgoli, ukamchorea vitufe. Nilikuwa mlangoni ulipomwambia kwa upole kwamba mtama asimpe mtoto, wewe ulikuumiza. Yule mama akaitikia. Mtama ndio unga rahisi kuliko wote nyumbani kwake. Nikaona uongo wangu umevuka maji, umefika Pate, umeingia kwenye sahani ya mtoto wa watu.

Hata hapo sikusema. Kilichonitoa ni wewe, wiki iliyopita, ulipomwambia mamako kwamba huko bara utajihadhari na wimbi pia, kwa kuwa ni ndugu wa mtama. Mamako akauliza sasa huko utakula nini. Ukasema utaona. Unakwenda nchi ya mtama na wimbi, mwanangu, na utakaa na njaa katikati yake kwa ajili ya heshima yangu.

Nimempigia daktari. Anasema mtama hauna unato ule, wala wimbi, mradi visagwe mbali na ngano. Nimempigia Bi Mwanakombo pia, nikamweleza yote bila kujificha nyuma ya neno chachu. Akasema mtoto wake alikuwa akiuomba mtama kila siku, naye akimnyima. Nilistahili kulisikia hilo.

Sikufundishi ukweli. Daftari lako ni la kweli kuliko mimi. Lakini kuna jambo nimelijua kwa kulifanya, na naomba ulichukue. Utakutana na watu wenye mikono kama hii yangu, wanaokupenda, na wanaodhani kupenda kunatosha kujibu swali la kilichomo kwenye sahani. Hawatakudhuru kwa chuki. Watatia kijiko kimoja ili kishike, kidogo ili kipendeze, halafu watakutazama ule wafurahi. Sisi tulikulea kwamba chakula cha watu hakiulizwi, na adabu hiyo ni nzuri kwa mwenye tumbo zima. Wewe uliza. Muulize mama wa rafiki yako, muulize mpishi wa chuo, muulize mume siku utakapokuwa naye. Akikasirika, bora akasirike yeye kuliko ulale wewe.

Na mtu akikuuliza, kama ulivyoniuliza mimi, nawe umekosa, jibu siku hiyohiyo. Nakuambia kwa ubinafsi tu. Siku ya kwanza ni nyepesi kuliko zote. Baada ya hapo kila siku inaongeza uzito wake, na mimi nimeubeba miaka miwili huku wewe ukinimiminia chai.

Jana nilimwambia mamako kwanza. Alikuwa anakunja nguo zako. Alikunja tatu, kisha akasema, "Mimi usiniombe radhi, si mimi niliyelazwa siku tisa. Mwambie mwenye tumbo lake." Tangu hapo hajasema nami isipokuwa kuniuliza kama nimeswali.

Nia yangu ilikuwa kuikunja barua hii na kuitia kwenye sanduku lako chini ya masweta, uikute Eldoret, nami niwe mbali na macho yako. Sasa hivi nimelifungua sanduku, nimeinua sweta la juu. Hapo nikajiona. Ni mimi yuleyule, natia kitu ndani ya chombo chako ukiwa umetoka, na moyoni najiambia nakufanyia wema. Nimerudisha sweta, nimelifunga.

Kwa hivyo nitakupa mkononi ukirudi, na utaisoma hapa mezani kwako. Sitatania. Ukitaka kesho nisije gatini, mamako atakusindikiza na nitalikubali. Ukiwa na swali, lolote, hata lile ambalo ulishawahi kuniuliza ukiwa kitandani, uliza tena, na safari hii utajibiwa kweli.

Umefika mwisho. Inua macho, mwanangu. Nimeketi mbele yako.

Babako,
Athmani